Vikundi vya Wanawake na Uchumi wa Ng'ombe Doldol

Katika ranchi za pamoja zinazouzunguka mji wa Doldol, kaskazini ya Nanyuki katika Kaunti ya Laikipia, ng'ombe wa kuuzwa huhesabiwa kuwa mali ya mwanamume, ilhali maziwa na ngozi humilikiwa na mwanamke, kama ilivyo desturi ya Wamaasai. Ndiyo maana vikundi vya wanawake vya huko havifanani na kile cha wake wa wafugaji kilichoanzishwa Arizona, Marekani, mwaka 1939, ambacho mfano wake ulienea kote nchini humo kwa kazi ya kuwahimiza watu kula nyama ya ng'ombe. Wanawake wa Doldol huusaidia ufugaji kwa fedha zisizotoka kwa ng'ombe.

Ukame unapozidi, mfugaji asiye na akiba hulazimika kupeleka mnadani fahali aliyekonda wakati ule ule wenzake wote wanapouza, naye huambulia bei ya kutupa. Penye kikundi, unga na karo hupatikana kwa mauzo ya shanga na asali, au kwa mkopo wa chama, yaani mfuko ambao wanachama huuchangia na kukopeshana, na fahali hubaki bomani akingoja mvua. Kikundi cha Twala, karibu na Il Polei, kilipewa na jamii ekari 40, kikapanda shubiri, mmea unaostahimili kiangazi na ambao utomvu wa majani yake hutumika kutengenezea vipodozi.

Lakini ng'ombe halishwi fedha, na malisho ya Doldol yamevamiwa na mpungate, mmea wa miiba ulioletwa enzi za ukoloni. Mbuzi au ng'ombe mwenye njaa hula tunda lake jekundu, na vimiiba vyake, vyembamba kuliko unywele, hung'ang'ania ulimi na ufizi mpaka mnyama ashindwe kula. Wanawake wameungana na wanaopambana na mpungate kwa kuung'oa na kwa kueneza kochinili, wadudu wadogo wanaoufyonza hadi ukauke. Kazi hii, ingawa haina sifa mnadani, huenda ina faida kubwa kuliko dawa nyingi za mifugo.

Nyasi zinazookolewa hivyo ni mali ya nani? Chini ya sheria ya ranchi za pamoja ya mwaka 1968, walioandikishwa kuwa wanachama walikuwa kwa kawaida wanaume wenye nyumba, na mke alihesabiwa ndani ya mumewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeubadili utaratibu huo, kwa kuwa mkutano mkuu wa jamii sasa ni wa watu wazima wote, wake kwa waume. Basi kila mwanamke wa Doldol na ahakikishe kwamba jina lake limo katika orodha ya jamii yake, kisha ahudhurie mkutano siku malisho yanapojadiliwa.