Lugha ya Kufundishia: Lafdhi na Maana

Wapo wanaouliza: ikiwa mtoto huhifadhi Qur'ani kwa Kiarabu asichokifahamu, na tukamsifu, kwa nini tulalamike akisomeshwa Baiolojia kwa Kiingereza asichokifahamu? Jibu limo ndani ya fiqhi.

Kusoma Qur'ani ni ibada kwa lafdhi yake. Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba kila herufi ina thawabu. (Kuzingatia maana ni jambo jingine, na tumelizembea.) Ndiyo maana Mashafii wakashurutisha Fatiha isomwe kwa Kiarabu ndani ya swala. Ama elimu ya shule, makusudio yake ni maana tu. Anayekariri kwa Kiingereza namna jani linavyotengeneza chakula, asijue asemalo, hakupata thawabu ya herufi wala elimu.

Tuitazame wilaya ya Kilosa, na Mikumi ikiwemo. Mtoto wa Kikaguru, Kisagara au Kividunda, na hasa wa wafugaji wa Kimaasai, huenda akakikuta Kiswahili chenyewe kikiwa lugha ya pili. Katika shule ya msingi ya serikali hukizoea, akajifunza kwacho usanisinuru na kipenyo. Afikapo kidato cha kwanza, yote hugeuka Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali. Sera ya 2014 nayo ilikitaja kwa ngazi zote, lakini sekondari zikabaki na Kiingereza.

Wala hatusemi lugha ya kigeni ni haramu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao, naye akayamudu kabla ya mwezi kwisha. Lakini dini yake hakufundishwa kwa lugha hiyo! Na Surat Ibrahim, aya ya 4, inaeleza kwamba Mitume walitumwa kwa lugha za watu wao ili wawabainishie.

Madrasa zetu zinaijua njia hii tangu zamani. Mwalimu wa Safinatun-Najaa husoma ibara ya Kiarabu, kisha huifasiri kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili humuuliza mwanafunzi faradhi za udhu. Kiarabu chenyewe kina kipindi chake cha nahau.

Kwa hiyo mzazi akiuliza, imamu amwambie mtoto akisome Kiingereza kwa bidii, kwani mtihani wa kidato cha nne hufanywa kwa lugha hiyo. Lakini jioni amtake aeleze kwa Kiswahili alichosoma mchana. Akishindwa, somo hilo lirudiwe kwa Kiswahili kabla ya kuingia jingine.