Mashua Ndogo, Safari Ndefu: Ziba Ufa Mapema

Ndugu msomaji, ukiwa Tabora huoni bahari wala ziwa kubwa. Unaona miembe, reli na pori la miombo. Basi utauliza: Je, habari za mashua ya tanga zinatuhusu nini sisi?

Zinatuhusu sana. Njia ya zamani ya misafara ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, halafu ikaenda Ujiji. Pale Ujiji njia ya miguu iliishia, njia ya maji ikaanza. Mpaka leo wako watu wetu wanaokwenda Ziwa Tanganyika kuvua na kuchuuza. Na mninga, mti wa misitu yetu, ni mmoja wa miti inayotoa mbao za mashua. Kwa hiyo tusiseme mambo ya maji ni ya watu wa maji tu.

Mashua iliyokwenda kwa miguu

Zamani mashua ilikuwa mali kubwa. Mwezi Machi 1858 Mwingereza Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi, kwenda kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, jahazi lake. Akarudi Ujiji bila jahazi.

Wengine wakaona afadhali waje na chombo chao. Stanley alikuja mwaka 1874 na mashua ya mbao iitwayo Lady Alice. Ilikatwa vipande, wapagazi wakaibeba mabegani kutoka pwani. Mwaka 1876 aliizungusha Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Halafu alikuja baharia Edward Coode Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Kwanza alichukua chombo cha gogo, akakiongeza mbao na tanga, akakiita Calabash. Baadaye alileta mashua ya chuma, Morning Star. Vipande vyake vilivutwa kwa mikokoteni kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, vikaungwa Ujiji mwaka 1883.

Fikiri, bwana! Watu walivuta mashua nchi kavu kwa miezi. Sasa mashua iliyoletwa kwa jasho namna hiyo, ungeiacha ioze ufukweni? La. Hata ya kwako uliyoinunua kwa jasho lako, usiiache.

Ziwa si bwawa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Upana wake kwa kawaida ni kilometa 50 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Huwezi kutia nanga katikati. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na mawimbi huwa makubwa kama ya baharini. Wakati wa masika dhoruba huja ghafula, nyingine usiku.

Wakiwa watu wanne chomboni, mmoja hushika usukani, mmoja tanga, mmoja huchota maji, mmoja hupumzika. Ukiwa peke yako, kazi zote nne ni zako. Ndiyo maana sisi tunasema: Kama unaweza kupata mwenzako, nenda na mwenzako. Kama huwezi, basi mashua yako iwe nzima kuliko ya wengine.

Tupige hesabu kidogo

Tuseme mashua ina ufa mdogo, inaingiza lita 1 ya maji kila dakika. Utasema, aa, lita moja si kitu. Lakini saa moja ina dakika 60. Hizo ni lita 60, yaani madebe 3 ya lita 20. Ukisafiri saa 10 usiku kucha, ni lita 600, madebe 30. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi umebeba kilo 600, sawa na magunia 6 ya mahindi ya kilo mia mia! Na ukisinzia, nani atachota?

Matunzo yenyewe

1. Kalafati. Kila nafasi baina ya mbao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikagongwa kwa patasi butu mpaka ikae. Kule Kigoma mawese yapo, nayo hutumika. Mbao ikilowa inavimba na kuibana pamba. Pamba ikianza kutokeza nje, itoe yote utie mpya. Usiongeze juu ya ile iliyooza.

2. Jua. Mashua ikikaa nchi kavu muda mrefu, mbao hunyauka na nyufa hufunguka. Ifunike kwa nyasi au turubai, uimwagie maji mara kwa mara. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wakati kama huo ni wa kutengeneza chombo, lakini pia ndio wakati kinapoharibika kwa jua.

3. Uozo. Baharini chumvi husaidia kuzuia mbao isioze. Ziwani hakuna chumvi ya namna hiyo. Maji ya mvua yakituama ndani, mbao huoza upesi. Choma mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama katika papai bivu, ubao huo haufai.

4. Tanga na kamba. Shona tundu likiwa dogo kama shilingi, usingoje liwe kama sahani. Kamba iliyochakaa kata, usiunge. Na kamba ya kuongozea tanga usiifunge fundo gumu. Upepo ukipiga ghafula, uweze kuiachia mara moja. Wengi wamepinduka kwa sababu ya fundo.

5. Nafsi yako. Vaa jaketi la kuokolea. Ukiwa peke yako, jifunge kamba kiunoni, mwisho wake ukiwa mashuani. Ukianguka, mashua yenye tanga haikungoji. Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni au kwenye simu.

Liko fundisho jingine la Kigoma. Meli ya Liemba ililetwa vipande vipande na Wajerumani, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916, wakati wa vita, mafundi wake waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine grisi nene. Ilipoopolewa mwaka 1924, mashine zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka minane majini! Grisi ndiyo iliyookoa meli.

Daftari la mashua

Mwisho, ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo usiiache nyumbani. Nunua daftari moja. Andika tarehe uliyotia kalafati, tarehe uliyobadili kamba, na ubao ulioutilia shaka. Kichwa husahau, daftari halisahau. Akina Hore waliandika kila siku waliyoyaona, ndiyo maana leo tunajua habari zao.

Na kila unapoondoka, andika karatasi: Ninakwenda wapi, nimeondoka saa ngapi, nitarudi lini. Mwachie mkeo, mumeo au jirani. Siku ikipita hujarudi, watajua pa kukutafuta. Karatasi hiyo ndiyo mwenzako wa pili mashuani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwani, ndugu, ukuta haujengwi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ufa mdogo ni hatari zaidi kwa mtu aliye peke yake?
2. Ufa ukiingiza lita 2 kila dakika, kwa saa 5 ni madebe mangapi?
3. Kijijini kwenu, ni chombo gani kinachohitaji daftari kama hili: baiskeli, pampu au mashine ya kusaga?