Wingi wa bidhaa si ufanisi wa kiwanda

Wengi hudhani kuwa kiwanda chenye ufanisi ni kile ambacho mashine zake hazipumziki. Wataalamu wa uzalishaji hupinga dhana hiyo, kwani mashine huweza kufanya kazi kutwa kucha huku ikimtia mwenyewe hasara.

Chukua mfano wa kiwanda cha mashati. Idara ya kukata vitambaa inaweza kuandaa mashati 100 kwa saa, ile ya kushona 60, na ya kupiga pasi 90. Kiwanda hicho hakiwezi kutoa zaidi ya mashati 60 kwa saa, kwa kuwa kasi ya kazi nzima huamuliwa na idara inayokwenda polepole kuliko zote. Hiyo ndiyo kikwazo. Mwenye kiwanda akinunua mashine nyingine ya kukata, vitambaa vitazidi tu kurundikana mbele ya mafundi.

Mrundiko huo una gharama. Vitambaa vya mashati 600 vikiwa vinangoja, kitakachokatwa sasa kitamfikia fundi baada ya saa 10. Iwapo kimekatwa vibaya, kosa litagunduliwa wakati mamia mengine yameshaharibika. Fedha zilizovinunua nazo zitakuwa zimefungika humo, ilhali wafanyakazi wanadai mishahara.

Kampuni ya Toyota ya Japani ilijifunza hayo kwa uchungu. Mnamo 1949 na 1950 magari yalikosa wanunuzi, madeni yakazidi, wafanyakazi wakagoma, wengi wakapoteza kazi, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu.

Baadaye mhandisi wa kampuni hiyo, Taiichi Ohno, alitaja aina saba za upotevu: kuzalisha kupita kiasi, kusubiri, kusafirisha pasipo haja, kufanya kazi isiyohitajika, kuweka akiba iliyozidi, mizunguko ya bure ya wafanyakazi, na bidhaa zenye kasoro. Upotevu wa kwanza aliuona kuwa mbaya zaidi, kwani huzaa na kuficha mwingine.

Akiiga maduka makubwa ya Marekani, ambamo rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichonunuliwa, Ohno aliagiza kila idara isitengeneze kitu mpaka idara inayofuata ikihitaji. Ombi hilo hupelekwa kwa kadi iitwayo kanban.

Katika kiwanda cha mashati, hatua ya kwanza basi haihitaji mkopo: kasi ya kukata ipunguzwe ilingane na ya kushona. Zikipatikana fedha za mashine mpya, zinunue cherehani.