Msumari Haupandi na Mti

Msumari uliopigiliwa kwenye shina la mwembe, usawa wa kifua cha mtu, utakutwa usawa huohuo miaka 30 baadaye. Mti haukui kama mtoto, mwili mzima kwa pamoja. Hurefuka kwenye ncha za matawi na za mizizi tu. Shina, kwa upande wake, hunenepa: chini ya gome lipo tabaka jembamba la seli hai, ambalo hutengeneza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Msumari, badala ya kupanda, humezwa.

Ncha ya juu hutoa homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka shinani na kuyalaza machipukizi ya pembeni. Ncha ikikatwa, yaliyolala huamka. Mashamba ya chai ya Kericho na Mufindi yanaishi kwa siri hiyo: mchai ukiachwa huwa mti wa mita kadhaa, ila kwa kupogolewa mara kwa mara hugeuka meza pana ya majani, kimo cha kiuno cha mchumaji.

Mnazi una mambo yake. Hauna matawi, wala tabaka la kunenepesha shina. Mche hupanua kwanza kitako chake, ndipo upande, na unene unaoanza nao hauongezeki sana tena. Ndiyo maana vidato wanavyochonga wakwezi havizibi kamwe. Kilele ni kimoja tu. Mdudu aitwaye chonga akikitoboa mpaka moyoni, mnazi wote hufa, ingawa mizizi ni mizima.

Mwanga nao huchonga. Mvule wa msituni, uliobanwa na wenzake, hupanda wima, na matawi ya chini yaliyokosa jua hufa na kuanguka. Fundi seremala hupata gogo refu lisilo na vifundo.

Ufukweni hudhaniwa kwamba upepo umeilaza miti kuelekea bara. Mara nyingi haukuilaza: chumvi inayopeperushwa kutoka baharini imeunguza machipukizi ya upande ule, yakasalia ya upande wa pili. Lakini kutikiswa kwenyewe kuna faida. Mti unaoyumba hurefuka kidogo na kunenepa zaidi, ilhali mche uliofungwa kigingini muda mrefu huwa mwembamba, na kamba ikifunguliwa huinama.