Kompyuta ya Maktaba na Vifurushi Ilivyovikataa

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini kompyuta ndogo ya maktaba ilikaa siku tatu bila kazi muhula uliopita, wakati watahiniwa walipokuwa wakiihitaji sana. Yanipasa nieleze, maana aliyeisimamisha ni mimi. Naandika kwa Kiswahili ili na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, wa Kilwa na Pweto, wapate kufuata.

Kompyuta hiyo ni Raspberry Pi 4, nayo huendeshwa na Linux iliyotiwa mwaka 2021. Tulitaka kuitia Kiwix, programu imwezeshayo mtu kusoma Wikipedia pasipo intaneti. Diski yenye makala ilikwisha kufika kwa basi kutoka Mansa. Programu yenyewe ndiyo iliyokosekana. Basi tulichanga kwacha, tukanunua bando, nami nikaenda Kashikishi kuipakua kwa simu.

Katika Linux ya jamaa ya Debian programu huja katika vifurushi, na mpokeaji wake huitwa dpkg. Ndani ya kila kifurushi mna cheti kitajacho aina ya prosesa: amd64 ni ya kompyuta nyingi za mezani, i386 ni ya zile za zamani za biti 32, arm64 ni ya prosesa za ARM za biti 64, na armhf ni ya ARM za biti 32. Vingine huandikwa "all", kama vile fonti, navyo huingia popote. Mtu wa ziwani ataelewa upesi: pistoni ya mashine ya mtumbwi ya nguvu farasi 40 haiingii katika ile ya 15, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja.

Kabla ya kupakua niliiuliza kompyuta kwa amri "uname -m". Ikajibu "aarch64", maana yake ARM ya biti 64. Nikachukua arm64 kwa moyo mweupe. Kumbe nilipovitia vifurushi, dpkg ilikataa: kifurushi ni arm64, mfumo ni armhf. Nikadhani imekosea. Nikaongeza neno "--force-architecture", yaani kumwamuru bawabu afumbe macho. Vikaingia nusu. Nilipoita kiwix-serve nikajibiwa kwamba faili hilo halipo, nami nalitazama kwa macho yangu! Na apt, msimamizi wa dpkg, ikagoma kupokea kazi nyingine yoyote. Nikaizima kompyuta kwa hofu, wala sikumwambia mwalimu hadi siku ya pili. Hilo ndilo linalonionea haya kuliko kosa lenyewe.

Ufumbuzi ulitoka katika daftari la zamani la klabu yetu. Mwanafunzi mmoja aliyekwisha maliza shule aliandika mwaka 2021 jibu la "uname -m" kwa kompyuta ile ile: "armv7l", yaani biti 32. Kompyuta ni moja, majibu mawili. Ikawaje? Mwaka 2023 masasisho ya Raspberry Pi yalianza kuiwashia Raspberry Pi 4 kiini cha biti 64 pasipo kuulizwa, lakini programu zote zilizokuwa juu ya kiini hicho zikabaki za biti 32. Amri ya uname huuliza kiini tu. Ya kuuliza ni "dpkg --print-architecture", nayo ilijibu "armhf" tangu mwanzo. Na lile faili lililosemwa halipo halikuwa kiwix-serve. Lilikuwa kipakizi cha arm64 ambacho programu hiyo hukihitaji ili ianze, nasi hatukuwa nacho. Linux haikutaja ni lipi. Hapo kwa kweli ningeilaumu kidogo.

Tuliviondoa vifurushi vyote kwa "dpkg --purge", kisha "dpkg --audit" ikanyamaza, dalili kwamba hakuna kilichobaki nusu. Bando la pili nililipa mwenyewe kwa pesa za chisense nilizopata kwa kumwanikia mjomba. Nikaleta armhf, na Kiwix ikafunguka jioni ile ile.

Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini tusingetumia "dpkg --add-architecture arm64". Amri hiyo ni halali, na kwenye kompyuta za amd64 hutumika kila siku kuingiza programu za i386. Lakini programu ya namna hiyo huhitaji maktaba zake zote za aina yake mwenyewe, na stoo ya Raspbian, ambayo mfumo wetu huchota humo, ina armhf peke yake. Tungeongeza mlango usio na njia.

Tena wenye Raspberry Pi ya kwanza kabisa au Zero ya kwanza wajihadhari. Prosesa yao ni ARMv6, na armhf ya Debian hutaka ARMv7, ilhali ile ya Raspbian imeshonwa kwa ARMv6. Majina ni sawa, kwa hiyo dpkg hupokea bila neno, kisha programu hufa papo hapo kwa kosa la amri isiyojulikana na prosesa.

Atakayekwenda Kashikishi safari ijayo aandike kwanza jibu la "dpkg --print-architecture" kwenye karatasi. Akirudi, asitegemee jina la faili, maana hubadilishwa. Afungue cheti kwa "dpkg --info" kabla ya kutia chochote. Daftari la klabu liko kwenye rafu ya chini, karibu na diski.