Peugeot 404 ya makopo: namna ya kutengeneza gari ndogo ya mashindano yenye kutembea na kourant

Tangu nimalize lisansi ya agronomia, watu wa avenue yetu hapa Bukavu wananiuliza maswali mawili. La kwanza: «Umepata kazi?» La pili lilikuja kisha kuona meza yangu imejaa makopo na waya: «Agronome, umerudia utoto?» La kwanza, bado sina jibu lake. La pili ninalijibu hapa.

Sisi wote tunajua gari za waya. Mutoto wa Kadutu ao wa Bagira anachukua waya, makopo na vipande vya kambambili, anatengeneza gari yenye kukata kona. Hakuna mwalimu aliyemufundisha. Ile ninaeleza leo ni ndugu ya gari hiyo, lakini iko na moteri, na inafuata mufereji uliochongwa mu njia yake. Ku Uingereza mutindo huu ulijulikana tangu 1957 na jina la Scalextric. Ya duka ni bei kali, basi tutaitengeneza wenyewe.

Juu ya nini Peugeot 404?

Wazee wetu wanaijua 404 vizuri: ilibeba watu, ndizi na makala mu barabara zetu. Iliaanza kutoka mu kiwanda 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Lakini wengi hawajui kama ilikuwa pia gari ya mashindano, tena hapa jirani. Safari Rally ilianza 1953, ikipita mu Kenya, Uganda na Tanganyika. 404 ilishinda mara ine: 1963, 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, aliishinda 1966 na 1967. Nick Nowicki, aliyeishi Kenya, aliishinda 1963 na 1968.

Angalia hesabu hii: mu 1963, gari 84 zilianza, gari 7 tu ndizo zilifika. Mu 1968 zilianza 93, na tena zikafika 7. Mu matope na mawe, mwenye kukimbia sana anaweza kukwama mbele ya wengine. Mutu aliyepanda Ngomo wakati wa mvua hahitaji mufano mwingine.

1. Vipimo

Kila kitu kinaanza na eshele, ni kusema namna ya kupunguza vipimo vyote kwa hesabu moja. Mimi nilichukua 1 kwa 24. 404 ya kweli iko na urefu wa metre 4,44. Ukigawa kwa 24, unapata milimetre 185. Kutoka gurudumu la mbele mupaka la nyuma ni metre 2,65. Inakuwa milimetre 110. Urefu wa kwenda juu, metre 1,45, inakuwa 60. Gurudumu lenye karibu sentimetre 65 linakuwa milimetre 27.

Chora ubavu, mbele, nyuma na juu ku karatasi ya miraba, kisha weka picha ya gari ya kweli pembeni. Jicho linajua 404: kama mabawa madogo ya nyuma yamezidi milimetre mbili tu, muzee yeyote atakuambia «hii si 404».

2. Mwili

Tumia kopo la tomate ao la maziwa ya unga. Kopo la bia hapana, na sababu yake ni hii: kopo la bia ni aluminium, na etaini ya kawaida haishiki ku aluminium. Kama una mashaka, leta sumaku, hata ile ya bafle iliyokufa. Ikishika kopo, ni chuma, utaweza kuunganisha. Sugua na papier de verre mupaka ing'ae, maana etaini haipendi rangi wala mafuta.

Kata vipande kwa kufuata michoro, kunja juu ya kipande cha mbao, unganisha kutoka ndani ili alama zisionekane. Kisha fanya gari ionekane ya mashindano: taa za kuongeza mbele, vipande vya mpira nyuma ya magurudumu vya kuzuia matope, na namba ku mulango. Chagua picha ya gari moja ya mwaka moja, ubaki nayo. Ukichanganya taa za 1968 na namba ya 1963, umetengeneza gari ambayo haikuwahi kuwa.

3. Moteri na magurudumu

404 ya kweli inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni bahati, juu gari ya mufereji pia inasukumwa nyuma. Kwa watengenezaji wa vyombo vya elektroniki utapata moteri ndogo kutoka mu imprimante za zamani. Soma maandishi yake: tunatafuta ya volti 12. Ile ya kufungua DVD ni ya volti kidogo. Ku 12 itaungua.

Ku moteri weka pinyo la meno 9, ku ekseli ya nyuma la meno 27. Moteri itazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja: unapoteza mwendo, unapata nguvu. Ni hesabu ileile ya velo ikipanda kilima cha Nguba. Uzito weka chini kabisa, kwa kutumia ekru za chuma, ili gari isipinduke mu kona.

4. Njia na kourant

Chukua triplex kubwa kama musingi. Juu yake gundisha vipande viwili vya triplex nyembamba, ukiacha kati yao nafasi ya milimetre 3: ule ndio mufereji. Pande zote mbili za mufereji lala waya wa shaba, mumoja plus, mwingine minus. Chini ya pua ya gari weka ulimi wa plastiki ngumu unaoingia mu mufereji. Pembeni ya ulimi weka vipande viwili vya ule wavu wa shaba unaopatikana mu kamba ya antenne ya televisheni. Vinagusa shaba ya njia na kupeleka kourant ku moteri.

Na délestage? Hapo ndipo sisi tuko na bahati: gari inataka volti 12, na batri ya panneau solaire inatoa volti 12. Lakini weka fizible ya ampere 2 karibu kabisa na batri. Shaba mbili zikigusana bila fizible, waya zinaweza kuwasha moto mu nyumba.

Kwa kupunguza mwendo, tumia resistansi ya reshaud. Ya wati 1000 ku volti 220 iko na karibu ohm 48. Kama moteri inakula ampere 0,5 na unataka kuiondolea volti 6, unahitaji 6 gawanya kwa 0,5, ni kusema ohm 12: robo moja ya resistansi. Ifunge ku kipande cha tofali juu inapata joto, na uteleze kishiko cha chuma juu yake. Gari ikikimbia metre moja kwa segonde, kwa eshele yetu ni kama kilometre 86 kwa saa.

Faida ni nini?

Sheria ya Ohm niliijifunza ku sekondari, nikapata pointi, nikaifunga mu kahiye. Mu auditoire, swali linakuja na jibu lake mu silabi. Gari haina silabi: kama hesabu haiko sawa, inasimama mu kona, basi. Na hesabu hiyohiyo ya volti, ampere na meno ndiyo inaamua kama pompe ya solaire itapandisha maji ku shamba, ao kama kinu cha mihogo kitasaga. Agronome asiyeweza kuisoma atamungojea fundi siku zote, mimea ikikauka.

Wadogo zetu wanafunzi, diplome ni ya lazima, musiiache. Lakini wakati mukingoja kazi, musiache mikono ilale pamoja na diplome. Mutoto wa Kadutu mwenye gari ya waya yuko mbele yetu kwa jambo moja: anajaribu mbele ya kuuliza nani atamulipa. Sisi tunaweza kumuongezea eshele na sheria ya Ohm, yeye atuongezee ujasiri. Anzeni na kopo moja na sumaku moja wikendi hii. Mukikwama mahali, andikeni hapa chini, tutatafuta pamoja.