Sura ya Sita: Mshindi Hainuki

Ukitoka Songea mjini kuelekea Matogoro, milima inakujia usoni. Huko ndiko Mto Ruvuma unakoanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Kijana aliyekulia chini ya milima hiyo anaweza kukwea na kuteremka asubuhi nzima asitaje mgongo hata mara moja. Mkalishe kijana huyohuyo kwenye benchi la kibanda cha gemu kwa saa tatu, na atanyanyuka ameshika kiuno kama babu yake. Mlima haukumshinda, benchi limemshinda.

Kila aliyewahi kushika pedi kibandani anaijua sheria: aliyefungwa anapisha, aliyeshinda anabaki. Aliyefungwa anainuka kwa hasira, anatoka nje, ananunua karanga, anarudi kupanga foleni. Mshindi hasogei. Anamfunga wa pili, wa tatu, wa saba, na mashabiki wanamshangilia. Jioni anayelala bila maumivu ni yule aliyefungwa.

Sababu imo ndani ya uti wa mgongo. Katikati ya pingili kuna visahani laini vinavyozizuia kusagana. Kwa mtu mzima, visahani hivi karibu havina mishipa ya damu. Chakula chake huingia polepole kutoka kwenye tishu za jirani, na kubadilika kwa mkao husaidia majimaji kuingia na kutoka, kama sifongo linalobanwa na kuachiwa. Ukikaa mkao mmoja kwa muda mrefu, sifongo linabanwa tu. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alichoma sindano maalumu ndani ya visahani vya watu walio hai ili kupima mgandamizo. Aligundua kwamba mtu aliyeketi huku ameinamia mbele huvibana zaidi kuliko aliyesimama wima. Na mbele ndiko mchezaji anakoinamia mechi inapokuwa sare na dakika zinakwisha.

Debe shingoni

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Kikikaa wima juu ya mabega, shingo haioni taabu. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta mzigo unaoiangukia shingo kadiri kichwa kinavyoinama. Kwa nyuzi 30 alipata kilo 18 hivi, na kwa nyuzi 60 kilo 27. Hayo ni mahesabu, hayakupimwa kwenye shingo ya mtu, lakini mkondo wake unaeleweka. Kwa mkoa unaolima mahindi kama Ruvuma, kilo 18 ni kama debe moja, na 27 ni debe na nusu.

Anayebeba debe kichwani haangalii vidole vyake vya miguu. Anainyoosha shingo, mzigo unashuka moja kwa moja kwenye uti. Anayecheza gemu kwenye simu iliyolala mapajani anafanya kinyume chake, na misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayoshika kamba. Kibandani huwa kuna kosa la upande wa pili: televisheni hutundikwa juu ili mashabiki waione, na mchezaji anaitazama kidevu kikiwa hewani. Kioo kinachofaa ni kile ambacho ukingo wake wa juu unalingana na macho, au uko chini kidogo.

Kidole gumba na ukingo wa benchi

Mikono nayo ina historia yake. Mwaka 1981 jarida moja la udaktari la Marekani lilichapisha barua kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono yaliyoletwa na gemu la Space Invaders. Mwaka 1990 ikafuata nyingine, safari hii kuhusu kidole gumba kilichochoshwa na Nintendo. Ugonjwa wenyewe hauhitaji umeme: daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza uvimbe wa kano za upande wa kidole gumba mwaka 1895. Kano hupita kwenye ala nyembamba, na zikisuguliwa kwa kurudiarudia huvimba. Baridi ya Juni na Julai inaongeza ugumu, kwa sababu vidole vilivyopoa huwa vizito na mchezaji hulipia kwa kubonyeza kwa nguvu. Pasha mikono kwanza, kisha shika pedi.

Miguu husahaulika kuliko vyote. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu watu waliofia kwenye mahandaki bila jeraha lolote. Walikuwa wamelala wameketi kwenye viti, ukingo ukibana nyuma ya mapaja. Damu iliganda miguuni, na bonge likasafiri hadi mapafuni. Ni nadra kwa kijana mzima wa afya, lakini ganzi unayoipata kwenye benchi lisilo na mto ni dalili kwamba ukingo unabana palepale.

Kitengeneze kiti ulichonacho

Huhitaji kiti cha kifahari. Kunja sweta, uliweke nyuma ya kiuno ukiwa umeegemea ukuta. Tandika blanketi kwenye ukingo wa benchi. Miguu ikining'inia, weka tofali chini yake. Viwiko vipate pa kupumzikia, mabega yashuke. Mwenye kompyuta mpakato aiinue kwa vitabu na atumie kibodi na kipanya vya pembeni. Mwenye simu aegemeze viwiko mezani, simu ipande usoni badala ya uso kuishukia. Ganzi isiyoondoka, maumivu yanayokuamsha usiku, au shavu la mguu mmoja kuvimba si mambo ya mto, nenda hospitali.

Hata hivyo, hakuna mto utakaofanya kazi ya kuinuka. Mkao mzuri ukiukalia saa tatu unakuwa mbaya. Ndiyo maana tiba rahisi kuliko zote iko mikononi mwa mwenye kibanda, na haimgharimu hata shilingi: aiongezee sheria yake kipande kimoja. Aliyefungwa apishe, kama kawaida. Aliyeshinda naye ainuke, atoke hadi mlangoni, aitazame milima ya Matogoro, kisha arudi kutetea kiti chake.